Dola moja na nusu kwa siku: hesabu isiyofika Kalembe

Mwisho wa mwezi wa nne 2013, mwigizaji wa Marekani Ben Affleck alitangaza kwamba kwa siku tano atakula kwa dola moja na nusu kwa siku, bila kuongeza hata senti. Miezi miwili tu mbele ya hapo filamu yake Argo ilikuwa imepata tuzo ya Oscar, kwa hiyo habari ilizunguka haraka. Kampeni yenyewe ilikuwa inaitwa Live Below the Line, yaani kuishi chini ya mstari, na mstari huo ni ule wa umaskini. Kila mshiriki alikuwa anatafuta watu wa kumchangia pesa, kisha pesa zinaenda kwa shirika alilochagua. Affleck alichagua Eastern Congo Initiative, shirika alilosaidia kulianzisha mwaka 2010 kwa ajili ya mashariki mwa Kongo.

Maana yake ni kwamba njaa aliyotaka kuionja ilikuwa ya huku. Na wiki ile huku kulikuwa na mambo mengine. Rutshuru ilikuwa mikononi mwa M23 ya wakati ule. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limetoa ruhusa ya brigedi ya kuingilia kati mwezi mmoja tu nyuma. Kitshanga, mji ulio kwenye barabara inayotoka Goma kwenda Mweso, Kalembe hadi Pinga, ulikuwa umeungua sehemu kubwa katika mapigano ya mwisho wa mwezi wa pili na mwanzo wa mwezi wa tatu. Wakaaji wengi walikuwa bado porini ama kwa jamaa.

Wazee husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kampeni za namna hii zinajaribu kupinga methali hiyo: mwenye shibe ajinyime kidogo, apate kumjua mwenye njaa. Si jambo la kuchekwa. Lakini zinauliza swali moja tu: mtu anakula aje kwa makuta kidogo hivyo? Kalembe, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale, hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: chakula kitapita wapi mpaka kifike kwenye sufuria?

Mchezo unavyochezwa

Live Below the Line ilianza Australia mwaka 2010, kisha ikaenda Uingereza, Marekani na kwingine. Marekani kiwango kilikuwa dola moja na nusu, Uingereza pauni moja. Siku tano, basi ni dola saba na nusu kwa jumla. Mshiriki anaenda dukani siku ya kwanza na hizo dola saba na nusu, ananunua mchele, dengu, mayai machache, pengine karoti na kitunguu, kisha anagawanya. Anachotoa kwenye kabati lake mwenyewe lazima akilipie kwenye hesabu. Maji ya robinet ni bure.

Waliojaribu waliandika mambo yanayofanana sana. Kichwa kuuma siku ya pili juu ya kukosa kahawa. Kuchoka na wali. Kukataa mwaliko wa marafiki, juu mwaliko unakula pesa. Kuwaza chakula saa zote. Hilo la mwisho ndilo la kweli kuliko yote, na mtu yeyote aliyelala kambini Bulengo ama Kanyaruchinya angewaambia hivyo bila kujaribu chochote.

Kuko na ndugu wa kampeni hiyo Marekani kwenyewe, unaohusu msaada wa chakula ambao serikali yao inawapa maskini wao. Mwezi wa kumi na mbili 2012 Cory Booker, aliyekuwa meya wa mji wa Newark, alikula wiki nzima kwa dola kama 30. Mwaka 2015 mwigizaji Gwyneth Paltrow alijaribu kwa dola 29, akapiga picha ya alichonunua, na ndani ya picha kulikuwa na ndimu saba. Watu walimcheka sana. Siku ya nne akaacha, na yeye mwenyewe alilikubali wazi. Ndimu saba zilifundisha watu kitu ambacho hotuba haikufundisha: aliyezoea kuchagua hujikuta anachagua hata wakati ambapo kuchagua hakuna.

Ile dola ni dola gani?

Hapa ndipo wengi wanapotea, hata wenye kusoma. Hesabu ya "dola moja kwa siku" ilitoka kwa Benki ya Dunia mwaka 1990. Mwaka 2008 mstari ukapanda kufika dola 1.25, mwaka 2015 ukawa 1.90, mwaka 2022 ukawa 2.15, na mwezi wa sita 2025 ukawekwa kwenye dola 3. Ile dola moja na nusu ya Affleck ilikuwa ni dola 1.25 ya zamani, iliyoongezwa kidogo ili ilingane na bei za Marekani za wakati wake.

Lakini dola hiyo si ile ambayo kambisti anayeketi kando ya barabara na meza yake anakupa. Ni dola ya vitabu. Wachumi wanapima vitu ambavyo dola moja inanunua katika duka la Marekani, kisha wanatafuta ni franka ngapi zinanunua vitu hivyo hivyo Kongo. Kwa kuwa vitu vingi vya huku ni vya bei ya chini kuliko vya kwao, franka hizo zinakuwa chache kuliko zile za kambisti. Basi mtu wa Kongo aliyehesabiwa kuwa sawasawa na mstari wa dola 1.25 hakuwa na dola 1.25 mfukoni. Alikuwa na chini ya hapo.

Mwaka 2013 dola ilikuwa inabadilishwa karibu na franka 920. Dola moja na nusu ilikuwa basi kama franka 1,380. Mwanzo wa 2025 dola hiyo hiyo ilikuwa imepita franka 2,800. Mwenye kulipwa kwa franka alijua maana yake bila kusoma ripoti.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mstari wa umaskini hauhesabu chakula peke yake. Ndani ya kiasi hicho kuko sabuni, makala ama kuni, dawa ya malaria, daftari ya mtoto, kitenge, bati la kuziba paa, mchango wa matanga. Washiriki walitumia kiasi chote kwa chakula, kisha wakalala ndani ya nyumba ambayo kodi yake haikuingia kwenye hesabu. Walioandaa kampeni walilijua hilo na walilisema. Lakini linasahaulika haraka wakati picha ya sahani inazunguka.

Na mstari unahesabu kila kichwa, mkubwa na mdogo. Nyumba ya watu saba kwa dola moja na nusu ni dola kumi na nusu kila siku, pamoja na siku ya Mungu. Mtu anayelima kibarua kwenye shamba la mwenzake huko Masisi anapata kwa kawaida kitu cha karibu na dola moja ama mbili kwa siku, na si kila siku anaitwa. Wengine hawalipwi makuta, wanalipwa kopo la maharagi ama fungu la viazi. Dola kumi na nusu kwa nyumba moja ingehesabiwa huko kuwa mshahara wa mkubwa.

Kalembe katikati ya nchi mbili

Ukiangalia ramani ya vyakula, Kalembe ingepaswa kuwa fasi ya kula vizuri. Upande mmoja kuko milima ya Masisi yenye maharagi, mahindi, viazi, maziwa na ile jibini inayojulikana hadi Kinshasa. Upande wa pili barabara inashuka kuelekea Walikale, nchi ya pori, yenye mihogo, ndizi, mawese na mpunga. Vyakula hivyo viwili vinakutana sokoni. Kutoka Goma vinapanda chumvi, sabuni, sukari, nguo na dawa. Kwenda Goma vinashuka magunia.

Kwa hiyo wakati wa amani, mtu wa huko hahesabu franka ngapi za kula. Analima. Sombe anachuma nyuma ya nyumba, lengalenga inaota yenyewe, bugali inatoka kwenye mihogo yake. Makuta ni ya chumvi, mafuta, sabuni na shule. Ndiyo sababu kumpima kwa dola moja na nusu ni kumpima kwa kipimo cha mtu wa mjini. Umaskini wake unaanza siku ile anapolazimika kununua unga, kitu ambacho mwaka uliopita alikuwa anauza.

Siku hiyo inakuja aje? Angalia kalenda. Katika Kivu ya Kaskazini msimu wa A unapandwa mwezi wa tisa na wa kumi, unavunwa mwezi wa kwanza na wa pili. Msimu wa B unapandwa mwezi wa pili na wa tatu, unavunwa mwezi wa sita ama wa saba. Maharagi yanahitaji miezi kama mitatu, na katikati yanahitaji mtu wa kupalilia.

Siku ya Mungu tarehe 20 mwezi wa kumi 2024, M23 iliingia Kalembe. Tangu tarehe 4 ya mwezi wa nane kulikuwa na makubaliano ya kusimamisha mapigano yaliyopatanishwa na Angola, na Luanda ililaani tendo hilo wazi kuwa ni kuyavunja. Mapigano na Wazalendo yakafuata. Magazeti ya ulaya yaliandika juu ya diplomasia. Lakini kwa mlimaji tarehe ile ilikuwa na maana nyingine: maharagi yalikuwa yamechipuka na majani mabaya yalikuwa yanapanda. Aliyekimbia wiki tatu alirudi akakuta shamba limemezwa. Aliyebaki aliogopa kwenda mbali, juu shamba la mbali ndilo fasi ambapo mwanamke anakutana na mwenye bunduki.

Kisha tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025 Goma ikaanguka, sawasawa wakati wa kuvuna msimu wa A. Mwezi wa tatu M23 ilifika hadi Walikale-centre kabla ya kuondoka mwanzo wa mwezi wa nne. Hapo msimu wa B ulikuwa unapandwa. Misimu miwili, moja nyuma ya nyingine, iliguswa na vita katika majuma ambayo shamba halivumilii kuachwa. Hakuna hesabu ya bei za duka inayoonyesha hilo.

Barieri nayo inakula

Mwaka 2017 watafiti wa shirika IPIS la Ubelgiji walizunguka Kivu mbili wakihesabu barieri. Walihesabu 798, zingine za jeshi na polisi, zingine za makundi ya silaha, zingine za ofisi za serikali. Barieri moja inachukua kidogo. Lakini gunia la maharagi halipiti moja.

Watu wa Masisi na Walikale wanakumbuka vizuri "jeton". Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti zao namna kundi la NDC-R la Guidon, wakati lilikuwa linashika sehemu kubwa ya eneo hilo, lilikuwa linatoza kila mtu mzima franka 1,000 kwa mwezi na kumpa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amelipa. Asiye na kikaratasi alikamatwa ama alilipishwa zaidi. Wataalamu hao hao wameandika juu ya kodi na kazi za lazima za makundi mengine, M23 ikiwemo. Kuko "salongo", kuko "lala salama", majina yanabadilika, mfuko unaolipa ni ule ule.

Franka 1,000 inaonekana ndogo. Lakini nyumba yenye watu wazima watatu inatoa 3,000 kwa mwezi kabla haijanunua chumvi. Na barabara ikikatwa, kunatokea jambo linalowasumbua wachumi lakini si mama wa sokoni: shambani bei ya maharagi inaanguka juu hakuna gari la kuyabeba, na Goma inapanda juu hayafiki. Mlimaji anauza kwa hasara, mnunuzi wa Goma ananunua kwa machozi. Kilichopotea katikati kimeliwa barabarani.

Tangu Goma ianguke kumeongezeka tatizo la pesa zenyewe. Mabanki yalifungwa. Franka zikawa adimu, noti zikachakaa, na mwenye kutumiwa pesa na ndugu yake wa Kampala ama Kinshasa kwa simu alilazimika kuacha sehemu nzuri kwa ajenti ili apate noti mkononi. Hapo dola moja na nusu haiko dola moja na nusu tena.

Maswali matano ya siku saba

Kuko kipimo kingine, na wakaaji wengi wa mashariki wamekutana nacho bila kujua jina lake. Ni yule kijana mwenye simu ama fomu anayekuja nyumbani na kuuliza: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi mlikula chakula msichokipenda juu kilikuwa cha bei ya chini? Siku ngapi mlikopa chakula ama mlisaidiwa na jamaa? Siku ngapi mlipunguza sahani? Siku ngapi mlipunguza mara za kula? Siku ngapi wakubwa walijinyima ili watoto wadogo wale?

Wengi wanaona maswali hayo ni ya kupoteza wakati, ama wanajibu kwa kutumaini kuandikishwa kwenye orodha ya msaada. Lakini ndiyo yanayoingia katika ile hesabu ya njaa ya nchi nzima inayoitwa IPC. Kila swali lina uzito wake. Chakula kisichopendwa, sahani ndogo na mara chache za kula: kila siku moja ni alama moja. Kukopa: alama mbili. Mkubwa kujinyima kwa ajili ya mtoto: alama tatu. Jumla ikifika 19, ni moja ya alama kwamba nyumba imeingia katika hali ya taabu, daraja la tatu kati ya matano. Jumla kubwa kabisa ni 56.

Mpime sasa mshiriki wa kampeni. Tuseme amekaza kweli: siku zote tano amekula asichokipenda, siku zote tano sahani ndogo, siku zote tano ameruka chakula kimoja. Tano mara tatu ni kumi na tano. Hafiki 19. Hakukopa, juu duka lilikuwa wazi na pesa alikuwa nazo. Hakujinyima kwa ajili ya mtoto, juu watoto wake walikula kama kawaida.

Pima sasa nyumba ya mama aliyehama akarudi. Siku saba wanakula mihogo mitupu: saba. Siku saba sahani ndogo: saba. Siku tano wamekula mara moja tu: tano. Mara mbili amekopa unga kwa jirani: nne. Siku tatu hakugusa sufuria ili wadogo washibe: tisa. Jumla 32. Mfano huo hautokani na ripoti fulani, lakini hakuna mtu wa Mweso ama Pinga atakayesema kwamba umetiwa chumvi.

Tofauti kati ya 15 na 32 haitoki kwenye bei ya mchele. Inatoka kwa wale wengine wanaokula kwenye sufuria moja na mtu, na kwa deni. Jirani aliyekopesha unga naye ana watoto. Kesho atakuja kudai, ama atanyamaza na kuacha kukopesha, na hilo la pili ni baya zaidi. Mchezo wa mtu mmoja na pesa yake hauwezi kuonyesha hilo.

Kwa Kongo nzima, IPC ilihesabu watu milioni 27.7 katika njaa kali kati ya mwezi wa kwanza na wa sita 2025, kati yao milioni 3.9 wakiwa katika daraja la nne, la dharura. Makadirio ya nusu ya kwanza ya 2026 ni milioni 26.6. Kivu zote mbili, Ituri na Tanganyika ziko kati ya majimbo yanayotajwa kwanza.

Kwa mtoto kipimo ni rahisi zaidi: mkanda wa rangi tatu unaozungushwa kwenye mkono wa juu. Chini ya sentimeta 11.5 ni nyekundu. Hapo mama anaelekezwa kwenye matibabu, na kwa watu wa upande wa Kalembe hospitali kubwa ni ya Mweso, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka wameisaidia kwa miaka mingi. Wengine wanafika na watoto ambao miguu imevimba na nywele zimekuwa nyekundu. Ni bwaki, ugonjwa wa kukosa maharagi, maziwa na samaki. Inashangaza kuuona kwenye mpaka wa wilaya ya maharagi na maziwa.

Mfuko wa msaada

Wengine watasema: lakini msaada upo. Kwa miaka mingi kipimo cha mashirika kimekuwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mfano unaotumika sana ni gramu 400 za unga ama nafaka, gramu 60 za maharagi ama mbaazi, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi, pamoja na unga wa uji. Hicho ni kipimo kizima. Wengi wa mashariki wanajua nusu, ama robo tatu, ama "mtapata mwezi ujao".

Mwanzo wa 2025 maghala ya chakula yaliporwa Goma. Bukavu, katikati ya mwezi wa pili, PAM ilisema imepoteza tani kama 7,000. Mwezi wa kwanza huo huo serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Marekani ndiyo ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote. Mwisho wa mwaka PAM ilisema imeteremka kutoka karibu watu milioni moja iliowasaidia mashariki mwanzoni mwa mwaka hadi kama laki sita. Uganda nako, ambako wengi wa Masisi na Rutshuru wamekimbilia Nakivale na Kyangwali, wakimbizi wapatao milioni moja waliondolewa kwenye orodha ya chakula mwaka huo huo.

Hapo kampeni kama ile ya 2013 zinapata maana tena, na ni haki kulisema. Pesa zilizochangwa kwa sahani ya Affleck zilikuwa pesa za kweli, na shirika lake lilifanya kazi na wakulima wa kahawa wa Kivu, si kugawa magunia peke yake. Mtu wa mbali asiyejua Kongo iko wapi alisikia jina lake kwa siku tano. Siku hizi hata siku tano hizo zimekuwa adimu.

Tatizo ni kile mtu wa mbali anachobaki nacho kichwani. Akiamini kwamba shida ya huku ni bajeti ndogo, atafikiri dawa yake ni kuongeza bajeti: mfuko wa unga, kadi ya pesa. Vinasaidia, hasa kwa aliyekimbia na mikono mitupu. Lakini unga unaopita kwenye barieri kumi unafika mdogo, na pesa isiyopata noti inabaki namba kwenye simu.

Kama mtu angetaka kuucheza mchezo huo kwa kanuni za Kalembe, ingekuwa hivi. Siku ya kwanza usiende dukani. Nenda ukalime shamba la mtu, na jioni ulipwe kwa chakula ama usilipwe. Siku ya pili, katika ulichopata, umpe mtu aliyesimama barabarani na usimuulize jina. Siku ya tatu wageni wanne wanalala kwako, wamekimbia, na huwezi kuwafukuza. Siku ya nne, saa kumi ya usiku, unasikia milio. Acha sufuria ilipo, beba mtoto na godoro. Siku ya tano hakuna anayekuambia kwamba ni ya mwisho.

Mchezo kama huo hautapata wachezaji wengi.

Mwezi wa pili, msimu wa B unaanza. Katika nyumba nyingi za upande huo, maharagi yaliyowekwa pembeni kwa ajili ya mbegu ndiyo yanayoliwa ya mwisho, na mara nyingi yanaliwa kabla ya mvua. Aliyeyala atatafuta kopo la mbegu kwa jirani ama kwa mfanyabiashara, kwa makubaliano ya kulipa wakati wa mavuno. Atapalilia kuanzia mwezi wa tatu kama njia ya shamba iko wazi. Kama iko wazi hadi mwezi wa sita, atalipa deni, na kitakachobaki ndicho nyumba yake itakula.